Kinachoichelewesha laptopu yako ni diski

Bonasi ya chai ikilipwa mwezi wa Oktoba, maduka ya kompyuta ya Kericho, Litein na Bomet hupata wateja. Wengi wao hawatafuti mpya. Wanataka zile ndogo zilizotumika ofisini ng'ambo, zinazoitwa ex-UK: ThinkPad X230, Latitude E7240 na nyingine za rika hilo. Ni mashine imara, kioo chake inchi 12.5, na zinabebeka kwenye boda bila taabu. Shida huja ukiiwasha: unachemsha chai, unakunywa, na kale kaduara bado kanazunguka.

Hapo mtu huambiwa mashine imezeeka, auze. Mara nyingi si kweli. Ndani yake mna diski ya zamani: sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaohamahama juu yake kutafuta data. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11 hivi. Mkono ukishahama, sahani nayo sharti izunguke, kwa wastani nusu mzunguko, ndipo kipande kinachotakiwa kifike. Jumlisha yote, kila kipande kinakula kama milisekunde 15, yaani vipande sitini na kitu tu kwa sekunde. Windows ikiamka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika diski nzima. SSD haina sahani wala mkono, ni chipu tupu, na kipande hichohicho hukitoa kwa sehemu ya kumi tu ya milisekunde.

Kwa hiyo faida kubwa iko kwenye kutafuta, wala si kwenye zile megabaiti kwa sekunde zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti. Muuzaji akikusifia SSD ya megabaiti 3,500 kwa sekunde, msikilize kwa adabu, kisha kumbuka kwamba njia ya SATA ya laptopu hizi hukomea kwenye 550 hivi. SSD ya kawaida ya SATA inatosha. Pesa utakayookoa itie kwenye jina la kampuni linalojulikana, na kama RAM ni gigabaiti 4, ongeza hiyo pia.

Kabla ya kununua, fungua uone kinachoingia. X230 ni rahisi kuliko zote: zima kabisa, toa betri, legeza skrubu moja ya kifuniko upande wa chini, vuta ulimi wa plastiki, na diski inatoka ikiwa na reli mbili za mpira ubavuni. Reli hizo unazivalisha SSD mpya na kuirudisha palepale. Angalia unene tu: nafasi ile ni ya milimita 7, na diski nyingi za laptopu kubwa ni 9.5, haziingii. E7240 haina nafasi ya inchi 2.5, inatumia kikadi kidogo kinachoitwa mSATA. Zilizofuata zikahamia M.2, na hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Kadi za M.2 za SATA na za NVMe, zile za kasi ya 3,500, zina upana uleule wa milimita 22, na mara nyingi urefu uleule wa 80. Ya SATA kwa kawaida ina mapengo mawili kwenye meno yake, ya NVMe ina moja. Yapo matundu yanayopokea NVMe vizuri tu, skrubu ikakaza, lakini kompyuta isiione kamwe kwa sababu inaelewa SATA peke yake. Na kama yako ni HP Stream 11, usihangaike: hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi.

Kuhamisha vitu vya zamani kuna njia mbili. Clonezilla, ambayo ni ya bure, hunakili diski nzima, ila kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ukitoka gigabaiti 500 kwenda 240, mimi ningeweka mfumo upya na kubeba faili pekee. Vyovyote utakavyofanya, nakili kazi zako kwenye flashi kwanza, na chaji betri ijae. Mawingu ya alasiri ya Kericho yanajulikana kwa radi na mvua ya mawe, na stima ikipotea katikati ya kunakili unaanza upya.

SSD bandia zipo. Nyingine ndani ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya kwamba ni terabaiti 1. Ikijaa, faili mpya hufuta za zamani kimyakimya. Programu ya H2testw huijaza diski yote kisha husoma ilichoandika, na uongo unajitokeza. Iendeshe siku ileile ya kununua, risiti ikiwa bado mfukoni.

Kuhusu mfumo: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na X230 haimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Linux Mint inaiendesha vizuri. Mwalimu anayejaza TPAD, ile tathmini ya utendaji wa walimu, anafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari hata hivyo.

Diski ya zamani ikiwa bado nzima, kasha la USB litaigeuza kuwa ghala la picha. Ukiamua kuiuza au kumwachia fundi, usiishie kufuta faili, maana majina na alama za wanafunzi hurudishwa kwa programu za bure. Ifomati kwenye Windows huku umeondoa tiki ya kufomati haraka, ili iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho. Ya gigabaiti 500 inaweza kuchukua saa mbili, kwa hiyo ianzishe jioni.