Müller, jina la mwenye kinu

Wapenzi wa soka wanawajua akina Müller wawili: Gerd aliyefunga mabao 14 katika Kombe la Dunia, na Thomas aliyefunga 10. Si ndugu. Ni kwamba hilo ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ujerumani.

Maana yake ni mwenye kinu cha kusagia nafaka. Zama za Kati, akina Hans walijaa vijijini, lakini Hans wa kinuni alikuwa mmoja. Heshima yake ilikuwa ndogo. Watu walimshuku kuwa anawapunja unga, na kwingine hata watoto wake walikataliwa kwenye vyama vya mafundi.

Wengi waliohamia Marekani waliibadilisha ü kuwa i, wakawa Miller.

Kwa wanaofunga ndoa, suala ni nani aache jina la kwao. Hadi 1991, mume na mke wasipochagua, sheria iliwapa la mume. Tangu Mei 2025 wote wawili wanaweza kuitwa, tuseme, Müller-Schmidt, na watoto wao vilevile.