Usanifu wa kompyuta kwa Kiswahili: Picha itangulie, istilahi ifuate

KUNA dai ambalo hurudi kila mjadala wa lugha ya elimu unapozuka: ati Kiswahili ni lugha ya ushairi, siasa na soko, lakini sayansi ngumu ina wenyewe. Wanaodai hivyo huja na mtego. Wanakutajia neno moja la kitaalamu la Kiingereza, wanakutaka ulitafsiri papo hapo, na ukisitasita kidogo tu, basi, mjadala umekwisha.

Leo nalijibu dai hilo kutoka Rapsu, katika wadi ya Kinna, kaunti ndogo ya Garbatulla, Isiolo. Ni nchi ya wafugaji wa Kiborana ambako pia kuna mashamba yanayomwagiliwa kwa mifereji. Huenda si mahali ambapo ungetarajia kusikia habari za vichakataji. Lakini ni hapa ambapo kijana mmoja, mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta wa mwaka wa nne, alirudi likizoni na kitabu kilichokuwa kimemtoa jasho muhula mzima.

Kitabu chenyewe ni Computer Architecture: A Quantitative Approach, cha John Hennessy wa Chuo Kikuu cha Stanford na David Patterson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1990 na kimeandikwa upya mara kadhaa tangu hapo. Waandishi hao wawili walituzwa Tuzo ya Turing ya mwaka wa 2017, ambayo katika fani ya kompyuta ndiyo kilele. Kina kurasa zaidi ya 800, na si kitabu cha kusomea kitandani.

Kijana alikuwa ameanguka mtihani wa somo hilo mara moja, na alikuwa akisubiri kuurudia. Karo yake hutokana na mbuzi wa babake. "Nikianguka tena, mwalimu, nitamwambia nini mzee?" aliniuliza. Kiingereza chake hakina kasoro. Nilipomwuliza maana ya paiplaini, alinipa fasili kamili, koma na nukta mahali pake. Nikamwambia: "Haya, sasa mweleze nyanya yako." Akanyamaza. Alikuwa na neno bila picha.

Tuanze na jina la somo. Neno 'usanifu' tunalitumia kwa majengo, na kivumishi 'sanifu' tunakijua kutokana na Kiswahili Sanifu. Ulinganisho huo wa pili unafaa kuliko wa kwanza. Mwaka wa 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusimamia usanifishaji wa Kiswahili, na Kiunguja ndicho kilichotumiwa kuwa msingi. Tangu hapo mtu wa Lamu na mtu wa Kigoma wanaweza kuandikiana wakaelewana, hata kama kila mmoja anazungumza kwake anavyojua. Ndivyo ulivyo usanifu wa kompyuta. Ni mapatano kati ya anayeandika programu na anayetengeneza mashine: maagizo gani yataeleweka, na yataandikwaje. Kampuni ya IBM iliufanya mgawanyo huo uwe dhahiri mwaka wa 1964 ilipotoa familia yake ya System/360, mashine za bei na kasi tofauti zilizoelewa maagizo yale yale. Toleo la sita la kitabu hiki linatumia mapatano yaitwayo RISC-V, yaliyoanzia Berkeley mwaka wa 2010, ambayo yeyote anaruhusiwa kuyatumia bila kulipia leseni. Ni kama sarufi, haina mwenye kuitoza.

Sasa turudi kwa paiplaini. Kiingereza chake kina maana ya bomba, na wapo wanaotaka tuseme 'bomba' tu, mambo yaishe. Siafiki. Anayesikia 'bomba' huona maji yakitiririka bila kukatika. Haoni hatua wala watu wanaogawana kazi. Kitabu kinalinganisha jambo hili na kiwanda cha kuunganisha magari. Katika kitabu chao kingine kilicho chepesi zaidi, Computer Organization and Design, waandishi wanatumia mfano wa kufua nguo: mashine ya kufulia, mashine ya kukaushia, kukunja, kisha kuweka kabatini. Ni mfano mzuri kwa aliyekulia California. Hapa Rapsu nguo hukaushwa na jua, na jua halina foleni.

Ila Waborana wana mfano ulio bora kuliko yote miwili. Kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya kuna visima virefu ambavyo watu hupanga msururu kutoka chini hadi juu, kila mmoja akipokea ndoo na kuitupa kwa wa juu yake, huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Wageni huviita visima viimbavyo. Kijana alikuwa amesimuliwa habari zake tangu utotoni.

Tupige hesabu basi, maana kitabu chenyewe kinajisifu kuwa cha hesabu. Tuseme kisima kina watu 5, na kila mmoja anachukua sekunde 2 kupokea ndoo na kuipitisha. Ndoo moja hufika juu baada ya sekunde 10. Kama ndoo moja tu ingeruhusiwa kisimani kwa wakati mmoja, ndoo 100 zingechukua sekunde 1,000. Lakini kisimani haiwi hivyo. Ndoo ya kwanza ikishapanda hatua moja, ya pili imeshashikwa. Kwa hiyo ndoo ya kwanza inafika baada ya sekunde 10, na 99 zilizobaki zinafuata kila baada ya sekunde 2. Jumla ni sekunde 208. Kasi imeongezeka karibu mara 5.

Hapo ndipo penye siri ambayo fasili iliyokaririwa haikumwonyesha kijana: hakuna ndoo hata moja iliyopanda haraka zaidi. Kila ndoo bado inatumia sekunde zake 10. Kilichoongezeka ni idadi ya ndoo zinazofika juu kwa dakika. Kichakataji hufanya vivyo hivyo na maagizo: hili linasomwa, lililotangulia linafasiriwa, la mbele yake linatekelezwa, yote kwa wakati mmoja.

Tuliite nini kwa Kiswahili? Mimi naegemea 'upokezanaji'. Lakini tahadhari: usilete picha ya mbio za kupokezana vijiti, ingawa sisi Wakenya mbio ziko damuni. Katika mbio zile mmoja hukimbia na wengine watatu wakangoja. Hiyo ndiyo ile ndoo moja kisimani. Istilahi ni ile ile, ila picha mbaya inaigeuza maana.

Msururu wa kisima una adui. Mtu mmoja akiteleza, wote walio chini yake wanasimama. Katika kompyuta, agizo moja likihitaji jibu ambalo agizo la mbele yake halijalitoa, nyuma kunakwama. Na kuna adui mkubwa zaidi, ambaye Waswahili walishamtungia methali: njia mbili zilimshinda fisi. Programu hufika njia panda kila mara: kama sharti hili ni kweli, fuata huku, la sivyo, fuata kule. Kichakataji kikisimama kungoja jibu, ndoo zote zinasimama. Kwa hiyo hubashiri. Huangalia njia ipi ilifuatwa siku za nyuma, kikashika moja na kuendelea na kazi. Kikipatia, kimeokoa muda. Kikikosea, hutupa kazi yote kiliyoifanya na kurudi njia panda.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kazi iliyotupwa imetupwa. Januari 2018 ikatangazwa kasoro iliyopewa jina la Spectre, ikaonekana kwamba fisi akirudi njia panda huacha nyayo. Data iliyoguswa wakati wa ubashiri usio sahihi hubaki na alama katika kumbukumbu ya karibu, na mdukuzi mjanja anaweza kuzisoma alama hizo na kuibia siri. Hili si jambo la maabara tu. Vichakataji vya aina nyingi duniani viliathirika, zikiwemo mashine zinazobeba benki zetu na barua zetu pepe.

Nimetaja kumbukumbu ya karibu. Wengi huiita 'kache', na sina ugomvi nalo neno hilo. Fikiria mtungi jikoni na mto ulio mbali. Ukikuta maji mtungini, hatua 1. Ukikosa, hatua 100 zaidi hadi mtoni. Tuseme unakosa mara 5 katika kila safari 100. Kwa wastani kila kikombe kinakugharimu hatua 1 jumlisha asilimia 5 ya 100, yaani hatua 6. Sasa panga vizuri zaidi ukose mara 2 tu katika 100. Wastani unashuka hadi hatua 3. Umerekebisha mara 3 katika safari 100, na gharama imepungua kwa nusu! Kijana alipoifanya hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, alicheka. Sura ya pili ya kitabu, ambayo yote ni kuhusu ngazi za kumbukumbu, iliacha kuwa mlima.

Kisha kuna kanuni ya Gene Amdahl, aliyekuwa mmoja wa wasanifu wakuu wa hiyo System/360, aliyoitoa mwaka wa 1967. Mkulima hulima kwa jembe siku 8 na kupanda kwa mkono siku 2. Akikodisha trekta, kulima kunakwisha kwa siku 2. Trekta ni mara 4 ya jembe, lakini kazi nzima imeshuka kutoka siku 10 hadi siku 4, yaani mara 2 na nusu tu. Hata angepata trekta la miujiza linalolima kwa kufumba na kufumbua, zile siku 2 za kupanda ziko pale pale. Hawezi kamwe kuvuka mara 5. Sehemu usiyoigusa ndiyo inayokufunga. Wanaotununulia vifaa kwa pesa za umma wangeikariri kanuni hii.

Na pale ambapo vichakataji vingi vinagombania kumbukumbu moja? Waborana wana aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha mifugo kisimani. Bila yeye, ng'ombe wa mwenye nguvu hunywa na wa mnyonge hukauka. Kila mashine yenye vichakataji vingi ina aba herega wake, hata kama kitabu hakimtaji kwa jina.

Wapo watakaosema nimepamba tu kwa mifano, na kwamba mtihani utakuja kwa Kiingereza. Kweli, utakuja kwa Kiingereza. Lakini mtihani wa somo hili hauombi fasili. Unakupa mashine ya kubuni na kukuuliza itaenda kasi gani, na kwa nini. Asiye na picha hajui aanzie wapi. Mwenye picha hupiga hesabu kwa lugha yoyote, kisha akaijibu kwa lugha anayotakiwa. Mifano nayo ina mipaka: ndoo haigeuki njiani ikawa ndoo nyingine, ilhali agizo moja huweza kubadilisha maana ya linalofuata. Mwalimu mwema huonyesha mfano unapoishia.

Kwa wanafunzi wanaohangaika na kitabu hiki, nina ushauri wa aina mbili. Kwanza, usianze na ukurasa wa kwanza. Mwishoni kuna Viambatisho A, B na C, vinavyofundisha misingi ya maagizo, kumbukumbu na upokezanaji. Sura kuu zinachukulia kwamba hayo unayajua. Wengi hukwama sura ya tatu kwa sababu hawakupitia Kiambatisho C. Pili, kila unapomaliza sehemu, ifunge, kisha ieleze kwa lugha ya nyumbani kwa mtu asiyejua kompyuta. Ukikwama, umepata ukurasa wa kurudia.

Kwa sisi watu wa lugha, somo ni kubwa zaidi. Tumezoea kuunda istilahi mezani kisha tukashangaa hazitumiwi. Mifano iliyofaulu iko wazi. 'Kuchakata' tulikuwa nako kwenye mkonge kabla ya kompyuta kuja. Walioona mkonge ukiingia ukiwa jani na kutoka ukiwa nyuzi hawakupata shida kuelewa 'kuchakata data'. 'Kipakatalishi' kinabeba kitendo cha kupakata, na kila mama anakijua. Neno likitanguliwa na picha, hudumu. Likija peke yake, hubaki kamusini likila vumbi, hata liwe limeundwa kwa ufundi wa namna gani.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Rasmi maana yake ni zaidi ya hotuba na matangazo. Maana yake ni kwamba mwana wa mfugaji wa Rapsu ana haki ya kukielewa kichakataji kwa lugha anayofikiria kwayo, na ya kumweleza babake mbuzi wale walinunua nini. Siku nyingine mtu akikutega kwa neno moja la Kiingereza, usikimbilie kamusi. Mwombe kwanza akueleze kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Akishindwa, utajua kwamba aliyekosa maneno si Kiswahili.