Maboksi ya Majina Mlangoni

Tarehe 3 Mei 2000, Lars Ulrich, mpiga ngoma wa bendi ya hevi metali ya Metallica, alifika kwenye ofisi za kampuni ya Napster mjini San Mateo, California, na shehena ya maboksi ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na majina 335,435, yamechapwa kwenye kurasa zaidi ya 60,000. Nje walikuwapo waandishi wa habari na mashabiki, wengine wakimzomea mtu ambaye jana yake tu wangemshangilia jukwaani. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: watu hawa wanagawa nyimbo zetu bila ruhusa, wafungieni.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama ugomvi wa wanamuziki na intaneti. Kwa mtu anayeandika programu, au anayejali faragha yake mtandaoni, kuna swali jingine lenye uzito zaidi: majina yale yalipatikanaje? Hakuna seva iliyovunjwa wala nywila iliyoibwa. Kampuni ya upelelezi wa mtandaoni iitwayo NetPD iliingia Napster kama mtumiaji mwingine yeyote, ikatafuta nyimbo za Metallica kwa muda wa wikendi moja, na kuhifadhi kila jina lililojitokeza. Programu ilitoa majibu yaleyale iliyoandikwa itoe.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, inafaa kurudi kwenye kanda za kaseti.

Metallica ilianzishwa Los Angeles mwaka 1981. Kanda yake ya majaribio ya mwaka 1982, No Life 'til Leather, ilisambaa kwa kudurufiwa. Shabiki mmoja alinakili, akaitia kwenye bahasha, akampelekea mwenzake wa mji mwingine kwa posta; naye akanakili tena. Metali nzima ya miaka ile ilikuzwa hivyo, kwa sababu redio nyingi hazikutaka kuipiga. Msomaji aliyekulia Mombasa au Mwanza enzi za redio kaseti yenye milango miwili hahitaji maelezo marefu: kanda halisi huku, kanda tupu kule, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kila nakala mpya inazidi kuwa na mvumo. Lakini kanda ile ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeifikiria wakati huo. Aliyetoa na aliyepokea ndio pekee waliojua. Hapakuwa na daftari lolote lililoandika nani ana kanda gani.

Mwaka 1999 daftari hilo likaandikwa. Shawn Fanning, kijana aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, aliona jinsi ilivyokuwa taabu kupata nyimbo kwenye intaneti. Viungo vilikuwa vimekufa, kurasa zilikuwa za zamani, na faili lililokuwapo jana leo halipo. Muundo wa MP3 ulikuwa umeshapunguza ukubwa wa muziki. Wimbo wa dakika nne, ambao kwenye CD huchukua takriban megabaiti 40, ulibaki na megabaiti kama 4, hivyo hata kwa modemu ya simu uliweza kushuka kwa dakika kumi na kitu. Kilichokosekana ni mahali pa kuulizia. Fanning aliacha masomo, akajifunza kuandika programu za Windows, na Juni 1999 Napster ikaanza kutumika.

Wazo lake lilikuwa jepesi, na ndiyo maana lilienea haraka. Nyimbo zenyewe hazikuwekwa kwenye seva za Napster. Zilibaki kwenye kompyuta za watu. Mtumiaji akifungua programu, kompyuta yake inaipelekea seva orodha ya mafaili aliyoyaweka kwenye folda ya kushirikiana. Mwingine akiandika jina la wimbo, seva inapekua orodha zote na kumjibu nani anao. Baada ya hapo kompyuta mbili zinaunganishwa moja kwa moja, na wimbo unapita kati yao. Kwa lugha ya soko, Napster ilikuwa dalali: haina mzigo, lakini inajua kila mzigo uko kwa nani.

Sasa tazama mstari mmoja wa majibu ya utafutaji ule. Una jina la faili, ukubwa wake, ubora wa sauti na urefu wa wimbo. Halafu kuna jina la mtumiaji mwenye faili na aina ya muunganisho wake wa intaneti. Ukilichagua jina hilo na kuliweka kwenye orodha yako, unaweza kufungua maktaba yake yote: anapenda nini, anaficha nini, ana taarabu ngapi na ana metali ngapi. Mashabiki waliona hiyo ni raha kubwa, maana waligundua bendi mpya kupitia maktaba za watu wasiowajua. NetPD ilipitia mlango huohuo.

Orodha ya NetPD ilikuwa na kasoro nyingine, ya aina anayoijua kila mwandishi wa programu. Jina la faili si wimbo. Mtu akirekodi onyesho lake mwenyewe na kuliita kwa jina la Metallica, au akihifadhi wimbo wa bendi nyingine kwa jina lililokosewa, utafutaji unamhesabu sawasawa na mwenye wimbo halisi. Napster ilifungia akaunti zaidi ya 300,000, na maelfu ya waliofungiwa wakajitokeza kudai kwamba wametajwa kimakosa. Mtu alihukumiwa kwa lebo iliyobandikwa juu ya chupa, bila chupa kufunguliwa.

Haki inataka ieleweke pia kwamba bendi ilikuwa na hoja. Wimbo wao I Disappear, uliotengenezwa kwa ajili ya filamu ya Mission: Impossible 2, ulivuja kabla haujakamilika, na vituo vya redio vikaupiga. Walifungua kesi tarehe 13 Aprili 2000, na Julai mwaka huo Ulrich alikwenda mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Metallica walikuwa wakiwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yao ya jukwaani. Malalamiko yao yalikuwa kwamba safari hii hawakuulizwa. Ni hoja nzito. Lakini hata wale 335,435 hawakuulizwa kama majina yao yakusanywe, yachapwe na kubebwa hadharani mbele ya kamera. Pande zote mbili ziliumizwa na programu iliyokuwa haina mahali pa kuulizia ridhaa.

Mahakama zilimaliza kazi. Februari 2001 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba Napster izuie nyimbo zenye haki miliki, na kampuni ikajaribu kuzichuja kwa majina ya mafaili. Watumiaji wakajibu kwa mchezo ambao kila mtoto wa Uswahilini anaujua: kinyume. Herufi zikapinduliwa, zikaongezwa, zikapunguzwa; Metallica ingeweza kuwa Kametali na mchujo usione kitu. Julai 2001 mtandao wa Napster ulizimwa.

Waandishi wa programu walikuwa wameshaanza kujifunza. Machi 2000 Justin Frankel, aliyetengeneza kichezeshi cha muziki cha Winamp, alitoa Gnutella pamoja na mwenzake. Kampuni iliyomiliki Winamp iliiondoa upesi, lakini ilikuwa imeshanakiliwa. Gnutella haikuwa na dalali. Kompyuta yako inauliza majirani zake, nao wanauliza majirani zao, kama habari ya msiba inavyopita mtaani. Mwaka 2001 Bram Cohen alileta BitTorrent, ambamo faili hukatwa vipande na kila anayepokea kipande hukigawa kwa wengine. Kitovu cha kushitakiwa kilipungua. Faragha haikuongezeka hata kidogo, kwa sababu ili kompyuta mbili zipeane kitu lazima kila moja ijue anwani ya IP ya mwenzake. Mpelelezi anajiunga na kundi, anapokea, anaandika anwani na saa, kisha anamwendea mtoa huduma wa intaneti kuuliza mteja wake ni nani.

Ndivyo ilivyokuwa. Septemba 2003 kampuni za muziki za Marekani zilishitaki watu 261 kwa mkupuo mmoja, na miongoni mwao alikuwamo msichana wa miaka 12. Kampuni ya simu ya Verizon ilikataa kutoa majina ya wateja wake kwa barua tu isiyopitia kwa jaji, na Desemba mwaka huo mahakama ya rufaa ya Washington ikaiunga mkono.

Walikuwapo waliolishughulikia tatizo lenyewe. Freenet, iliyoanzia kwenye kazi ya Ian Clarke akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, iligawa mafaili katika vipande vilivyofichwa kwa fumbo, hata mwenye kompyuta asijue amehifadhi nini. Tor ilitokana na utafiti wa maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani. Huufunika ujumbe kwa tabaka kama kitunguu na kuupitisha vituo vitatu; kila kituo kinamjua aliyekipa na kinayempa, basi. Kasi hupungua, maana ujumbe unazunguka. Hiyo ni gharama ya kweli, na msanidi programu anapaswa kumweleza mtumiaji wazi kabla hajachagua.

Wengi walichagua wepesi. Desemba 2012, jijini New York, Ulrich alipanda jukwaa moja na Sean Parker, mwanzilishi mwenza wa Napster, kutangaza kwamba nyimbo za Metallica sasa zinapatikana Spotify. Msanii ameulizwa na analipwa. Daftari la katikati limerudi, nene kuliko lile la Fanning, ila safari hii halisomwi na kila mpita njia.

Spotify iliingia Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataja kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake. Mwenye akaunti ya Spotify anaweza kujaribu jioni ya leo: kwenye ukurasa wa faragha ya akaunti yake, aombe nakala. Baada ya siku kadhaa hupata mafaili ya JSON, yanayofunguka kwa programu yoyote ya maandishi. Kila wimbo una mistari yake: saa ulipoishia, jina la msanii, jina la wimbo, na muda uliosikilizwa kwa milisekunde. Aliyeanza wimbo wa metali saa nane usiku akaukatisha baada ya sekunde kumi na moja atakuta 11,000 imeandikwa pale. Akiomba historia ndefu zaidi, atakuta pia anwani ya IP aliyokuwa nayo usiku huo.