Upasuaji wa kope: mama ajiandae vipi, na asali vipi?



Baada ya darsa moja ya akina mama huko Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, mama mmoja mtu mzima alibaki nyuma wenzake walipotawanyika. Mkono mmoja ulishika msahafu. Kidole cha mkono wa pili kiliinua ngozi ya ukope wa jicho la kulia, kwani bila hivyo hakuweza kuziona aya za juu. Alitueleza kwamba daktari amemshauri apasuliwe kope, na wanawe wamekwisha kuchanga gharama. Lakini jirani zake wamemwambia mambo mawili: kwamba anataka kubadilisha maumbile aliyopewa na Mola wake, na kwamba atakaa wiki mbili bila kusali. Hilo la pili ndilo lililomliza. Tarehe ya kwanza aliyopangiwa ilikuwa imekwisha kumpita akiwa nyumbani.

Swali hili si la mama huyu peke yake. Nyumba nyingi zina mzee wa namna hiyo, na nyingine zina binti anayetaka kope zake zipasuliwe kwa sababu ya picha alizoziona katika simu. Tumeona tulieleze jambo hili kwa familia nzima.

Tiba au matamanio?

Qur'an imekemea kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu (s.w.), na Mtume (s.a.w.) aliwalaani wanaochonga meno kwa ajili ya uzuri. Katazo hilo lipo na halina mzaha. Lakini ni Mtume huyo huyo aliyemruhusu sahaba Arfaja bin As-ad (r.a.), aliyekatwa pua vitani na ile ya fedha aliyoiweka ikaoza na kunuka, atumie pua ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wanazuoni wakapata hapo mpaka: kuondoa dhara au aibu iliyompata mtu si sawa na kutafuta sura mpya.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikwenda njia hiyo hiyo katika kikao chake cha 18, Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007. Liliruhusu upasuaji wa kurudisha umbo au kazi ya kiungo na kuondoa kasoro yenye madhara, likakataza ule wa kufuata matamanio na kuiga wengine. Basi ukope unaoziba mboni na kumzuia mtu kusoma au kuona njia ni maradhi, na kuutibu ni tiba. Binti mwenye macho mazima anayetaka yafanane na ya mtu mwingine, hali yake ni nyingine.

Iko pia hali isiyo na shaka hata kidogo. Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, uliotaabisha sana watu wa Kongwa katika mkoa jirani wa Dodoma, hukunja ukope ndani mpaka nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho na kuleta upofu. Upasuaji wake ni mfupi, hufanywa kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Huko Oman, waliko ndugu zetu wengi, ugonjwa huo ulidhibitiwa mpaka Shirika la Afya Duniani likaithibitisha mwaka 2012 kuwa nchi ya kwanza kuutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Mwenye kuchomwa na nywele za kope asingoje fatwa; aende hospitali.

Kabla ya kisu

Jambo la kwanza ni kujua kwa nini ukope umeanguka. Kwa wazee wengi ni ngozi na misuli iliyolegea kwa umri. Lakini ukope ulioanguka ghafla, ukiambatana na kuona viwili viwili, kichwa kuuma sana au mboni mbili kutolingana, huenda ukawa dalili ya hatari iliyo ndani ya kichwa. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Ukope unaolegea zaidi kila jioni nao unahitaji uchunguzi kabla ya kisu.

Pili, mgonjwa aende kwa daktari bingwa wa macho. Hospitali kama Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam, na KCMC ya Moshi, zina huduma za macho. Asipelekwe katika saluni au chumba cha mtu anayejiita mtaalamu wa urembo.

Tatu, amweleze daktari kila anachokimeza: aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, habasoda, kitunguu saumu cha vidonge, na dawa za mitishamba. Baadhi ya vitu hivi huzidisha kutoka damu. Asiache dawa ya moyo kwa uamuzi wake. Daktari ndiye atakayesema. Sukari na shinikizo la damu viwe vimetulia, na kama macho hukauka au kuwasha, aseme. Avutaye sigara aiache, maana huchelewesha kidonda kupona.

Akipatikana daktari mwanamke, ni bora zaidi kwa mama. Asipopatikana, haja ya tiba inaruhusu daktari mwanamume, na maharimu wake awe karibu.

Siku za kupona

Daktari hukata ngozi iliyozidi kwenye mkunjo wa ukope na kushona kwa uzi mwembamba. Macho huvimba na kuwa na wekundu au weusi kwa wiki moja hadi mbili, familia isitaharuki. Siku mbili za mwanzo huwekwa kitambaa safi chenye ubaridi, bila barafu kugusa ngozi. Mgonjwa alale chali, kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Nyuzi hutolewa aghalabu baina ya siku ya tano na ya saba. Wanja na vipodozi viachwe kwa wiki mbili au zaidi.

Hapa ndipo watoto na wakwe wanapopimwa. Mama wa Uluguru amezoea kushuka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani, kuinamia jiko la kuni na kufua. Kuinama, kubeba mzigo na moshi vyote ni adui wa kidonda hiki. Kwa wiki mbili, ndoo na kuni ziwe kazi ya wengine.

Yakitokea maumivu makali, jicho kutokeza nje, damu isiyokoma au uoni kupungua, asingoje asubuhi. Damu ikijikusanya nyuma ya jicho yaweza kuua uoni kwa muda wa saa chache.

Udhu, sala na saumu

Hakuna wiki mbili bila sala. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Huswayn (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, asali amesimama, asipoweza, ameketi, asipoweza, kwa ubavu. Kwa mama wetu, anachokiweza kinabaki wajibu: asimame kwa kisomo, na rukuu na sijda alizokatazwa na daktari azifanye kwa ishara, ishara ya sijda ikiwa chini zaidi. Siku daktari atakapomruhusu kuinama, paji la uso lirudi chini.

Katika udhu, aoshe pasipo na jeraha, apake maji juu ya bandeji, na atayamamu kwa sehemu isiyooshwa. Kwa kuwa uso wenyewe ni kiungo cha tayamamu, liko suala la kuzilipa sala hizo katika madhehebu ya Imam Shafii. Amwulize sheikh wake kabla ya siku ya upasuaji. Mtume (s.a.w.) alikasirishwa na watu waliomlazimisha mwenye jeraha la kichwa aoge, naye akafa. Kufutu bila elimu huua.

Ama dawa ya matone machoni, katika madhehebu hayo haifunguzi saumu.

Mama wa Bigwa tulimsomea haya pamoja na wanawe. Akauliza swali moja tu: ni nani atakayemtekea maji? Kijana wake wa mwisho akajibu kuwa ni yeye. Tarehe mpya imekwisha kupangwa.

Mwenyezi Mungu amponye, na awaponye wagonjwa wetu wote. Wallahu aalam.