Kupima mche bila kuung'oa

Kwa njia ya zamani, anayetaka kujua mche umekua kiasi gani huung'oa, huukausha, kisha huuweka kwenye mizani. Kipimo kinapatikana, lakini mche umekufa. Kwa mwenye kitalu cha kahawa pale Kaberebere, wilayani Isingiro, Uganda, hiyo ni hasara tupu. Picha ya simu inaupima mche uleule leo, kesho na mwezi ujao.

Kompyuta huiona picha kama vidoti vya rangi, yaani pikseli. Programu ya ujifunzaji wa kina huonyeshwa picha ambazo mtu amekwisha kuzipaka alama, hapa jani, hapa udongo, hapa kiriba, hadi iweze kuvitenganisha yenyewe. U-Net, muundo unaotumika sana kwa kazi hii, ulibuniwa Freiburg, Ujerumani, mwaka 2015 kwa ajili ya picha za kitabibu. Watafiti wa mimea wakauazima.

Pikseli peke yake si kipimo. Weka kando ya mche kadi ya mraba yenye upande wa sentimita 5, yaani eneo la sentimita za mraba 25. Kadi ikichukua pikseli 10,000 na majani 24,000, majani yana sentimita za mraba 60. Hesabu ni nyepesi. Taabu iko kwenye upigaji. Kadi ikilazwa chini ilhali majani yako karibu zaidi na kamera, majani yataonekana makubwa kuliko yalivyo. Kadi iinuliwe hadi kimo cha majani. Saa ya kupiga picha nayo isibadilike, kwa maana mche ulionyauka kwa jua la saa nane mchana huonekana mdogo kuliko ulivyokuwa asubuhi, bila kupoteza hata jani moja.

Kinachonisumbua zaidi ni picha za kufundishia. Chuo Kikuu cha Makerere na watafiti wa mazao wa Namulonge, Uganda, walikusanya picha za majani ya muhogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe. Zaidi ya 21,000 zilitumika katika shindano la kutambua magonjwa ya muhogo kwenye tovuti ya Kaggle, lililoanza mwaka 2020. Zaidi ya nusu zilikuwa za ugonjwa wa batobato. Programu inayojibu "batobato" kila mara ingepatia zaidi ya nusu bila kujua lolote! Vivyo hivyo, iliyofundishwa kwa miche ya maabara, kwenye sinia safi chini ya taa, inaweza kuyahesabu magugu ya kitaluni kuwa majani ya kahawa.

Kutofautisha mche na gugu hakuhitaji shahada, na wakulima wenye jicho hilo wapo tele Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyomo Isingiro. Wao ndio wapake alama picha za vitalu vyao, na sehemu ya picha hizo ifichwe wakati wa kufundisha, ili itumike baadaye kuipima programu yenyewe.