Uraibu wa simu: Je, ni maradhi au ni mazoea tu?

Na MWANDISHI WETU

NENO uraibu linapotajwa, wengi wetu huwafikiria watumiaji wa mihadarati, pombe na sigara. Ni nadra mtu kuwaza kwamba mja anaweza kuwa mtumwa wa kitu asichokila, asichokinywa wala kukivuta. Hata hivyo, si ajabu siku hizi kuwasikia wavyele wakilalamika kwamba wana wao hawabanduki kwenye simu za mkononi, wala kuwasikia mume na mke wakilaumiana kwa sababu ya kifaa hicho hicho.

Je, hayo ni maradhi au ni mazoea tu? Jibu la swali hili lina uzito. Mzazi anayemwita mwanawe mgonjwa ilhali ni mzima humdhulumu. Naye anayepuuza dalili za kweli huenda akazinduka baadaye na kupata kwamba karo imeishia kwenye kamari.

Miongoni mwa wataalamu waliolichunguza swali hili kwa muda mrefu ni Mark Griffiths, mwanasaikolojia wa Uingereza aliyejipatia sifa akiwa profesa wa masuala ya uraibu wa kitabia katika Chuo Kikuu cha Nottingham Trent. Utafiti wake haukuanza na simu wala intaneti. Ulianza na mashine za kamari zinazotiwa sarafu, ambazo vijana wa Uingereza walikuwa wakizichezea katika kumbi za burudani.

Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1994, Griffiths aliwachunguza watu 60. Nusu yao walikuwa wachezaji wa kila mara na nusu ya pili walicheza kwa nadra. Baadhi yao aliwaomba waseme kwa sauti kila wazo lililowajia walipokuwa wakicheza. Alibaini kwamba wachezaji wa kila mara ndio waliotoa maneno mengi zaidi yasiyo na mantiki. Waliisemesha mashine kana kwamba ni binadamu mwenye hila na hisia. Aidha, waliposhindwa kwa tundu la sindano, walijiliwaza kwamba ushindi ulikuwa umekaribia, ilhali mashine haina kumbukumbu ya nani amepoteza kiasi gani.

Kutokana na uchunguzi wa aina hiyo, Griffiths alishawishika kwamba mashine inaweza kumnasa mtu hata pasipo dawa yoyote kuingia mwilini. Mwaka 1995 aliandika kuhusu alichokiita uraibu wa kiteknolojia, akimaanisha uraibu usiohusu kemikali bali uhusiano kati ya binadamu na mashine, iwe ni runinga, mchezo wa tarakilishi au mtandao.

Nguzo sita

Mwaka 2005 mtaalamu huyu alifafanua vigezo sita ambavyo, kwa maoni yake, sharti vyote vionekane ndipo tabia iitwe uraibu.

Kigezo cha kwanza ni kutawaliwa. Tabia hiyo huwa jambo kuu maishani mwa mhusika, akawa anaiwaza hata asipoitenda. Cha pili ni kubadilisha hisia: mtu huikimbilia ili apate msisimko au asahau dhiki zake. Cha tatu ni usugu, yaani kiwango kilichomtosha jana hakimtoshi leo.

Kigezo cha nne ni mateso ya kuachishwa. Mtu akinyimwa, huwa na hasira, wahaka au huzuni. Cha tano ni mgogoro, ama na jamaa zake, ama na kazi au masomo yake, au hata na nafsi yake mwenyewe. Cha sita ni kurejelea: mhusika huacha kwa muda, kisha akarudi pale pale alipokuwa.

Tanbihi kwamba idadi ya saa haimo katika orodha hiyo. Mwaka 2010 Griffiths alieleza visa vya wanaume wawili waliokuwa wakicheza michezo ya mtandaoni kwa hadi saa 14 kwa siku. Wa kwanza alikuwa kijana asiye na ajira wala familia ya kutunza. Mchezo ulimpa marafiki na kumwondolea upweke, na maisha yake yalipobadilika aliupunguza bila taabu kubwa. Wa pili alikuwa mtu mzima aliyeajiriwa, na mchezo huo ulimvurugia kazi na ndoa. Saa zilikuwa sawa, lakini ni huyo wa pili pekee ambaye Griffiths alimhesabu kuwa mraibu.

Kwa mujibu wa mwanasaikolojia huyu, tofauti iko hapa: kitu anachokipenda mtu mzima wa afya humwongezea maisha, ilhali uraibu humpunguzia.

Vilevile ameshikilia kwamba wengi wanaodhaniwa kuwa waraibu wa intaneti kwa hakika ni waraibu wa jambo fulani wanalolipata humo, kama vile kamari au michezo. Mtandao kwao ni chombo tu, kama chupa ilivyo kwa mlevi.

Kwa nini tunanaswa?

Sehemu ya jibu ilipatikana kabla ya simu za mkononi kuvumbuliwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, aliwafanyia majaribio panya na njiwa katika karne ya 20. Alionyesha kwamba mnyama anayepewa chakula mara kwa mara bila utaratibu anaoweza kuutabiri, huendelea kubonyeza kitufe kwa bidii na huchelewa kukata tamaa hata chakula kinapokoma.

Mashine ya kamari hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Simu nayo haiko mbali. Anayeifungua hajui kama atapata ujumbe wa sahibu, sifa kwa picha aliyoiweka, au asipate chochote. Kutojua huko ndiko kunakomrudisha kuichungulia tena baada ya dakika tatu.

Hapa nchini, kamari na simu zimekutana katika kifaa kimoja. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, fedha zimekuwa zikisafiri kwa vidole. Mcheza kamari hahitaji tena kuingia ukumbini ambako huenda akaonekana na majirani. Anaweza kubashiri matokeo ya kandanda akiwa kitandani, darasani au kazini, na kupoteza mshahara wake bila hata mkewe kushtuka.

Si wote wanaokubali

Pamoja na hayo, msimamo wa Griffiths una wapinzani. Mwaka 2015, mwanasaikolojia Joël Billieux na wenzake walionya kwamba wanasayansi wamekuwa wakiyageuza mambo ya kawaida ya maisha kuwa magonjwa. Walisema kwamba ukichukua orodha ya dalili za mihadarati na kuibandika juu ya tabia yoyote, utapata uraibu mpya kila uchao, hata wa kucheza dansi. Muhimu zaidi kwao ni kuuliza kwa nini mtu anaitenda tabia hiyo, kwani huenda simu ni kimbilio la mtu mwenye huzuni, woga au upweke. Ukimpokonya simu bila kuitibu huzuni, umekata tawi na kuuacha mzizi.

Taasisi za kimataifa zimekwenda kwa tahadhari. Mwaka 2013, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliitambua kamari kuwa uraibu, lakini michezo ya mtandaoni kikaiweka katika orodha ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha mwaka 2019 mwongozo mpya wa magonjwa, ulioanza kutumika Januari 1, 2022. Mwongozo huo unayatambua matatizo ya kamari na ya michezo ya video. Matumizi ya mitandao ya kijamii hayakupewa nafasi yake humo.

Kwa WHO, mchezaji huhesabiwa kuwa mgonjwa ikiwa ameshindwa kujidhibiti, ameutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na anaendelea licha ya madhara. Isitoshe, maisha yake yawe yameathirika pakubwa, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kwa angalau miezi 12. Likizo moja ya Desemba iliyotumiwa kwenye michezo haitoshi.

Basi mzazi afanye nini? Kabla ya kupiga kelele kuhusu saa, na ajiulize: Je, mtoto analala vya kutosha? Alama zake shuleni zimeshuka? Amewatoroka marafiki zake? Anadanganya au kuchukua fedha kisiri? Amejaribu kuacha akashindwa? Majibu yakiwa mabaya na hali isibadilike, heri kumwona mshauri nasaha au daktari wa akili kuliko kumtandika mtoto au kuivunja simu. Maswali hayo hayo yanamfaa mzazi mwenyewe pia, maana mtoto huiga anachokiona.

Mazoea yana taabu, walinena wahenga, nao walijua pia kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Anayecheza kamari ya shilingi 50 kila jioni na achukue kalamu na karatasi, ajumlishe alichotumia kwa mwaka mzima. Jumla hiyo ni zaidi ya shilingi 18,000.