Kutazama roketi ikipaa: Beba chapaa, lakini beba siku zaidi

AGOSTI 29, 2022, barabara za kuelekea pwani ya Florida, Marekani, zilijaa magari kabla jogoo hajawika. Kuna waliolala garini, kuna waliokaa kwenye viti vya kukunja kando ya maji tangu usiku. Makamu wa Rais wa wakati huo, Kamala Harris, naye alikuwa amefika. Wote walitaka kuona kitu kimoja: roketi ya Artemis I, yenye urefu wa mita 98, ikipaa kuelekea Mwezini. Kwa mtu wa Nairobi, hebu tazama jumba la KICC halafu punguza orofa chache tu. Sasa fikiria jengo hilo linawashwa moto chini na kuondoka.

Halikuondoka. Kipimo kimoja kilionyesha kwamba injini moja kati ya nne haijapoa inavyotakiwa kabla ya kuwashwa, na shughuli ikasimamishwa. Baadaye wahandisi walisema kipimo chenyewe ndicho kilichokuwa kikidanganya. Watu wakaambiwa warudi Septemba 3. Waliokuwa bado na pesa za kulala hotelini wakarudi, na siku hiyo haidrojeni ikavuja wakati wa kujaza mafuta. Shughuli ikafutwa tena. Mwisho wa mwezi kimbunga Ian kikafika, roketi ikalazimika kurudishwa ndani ya jengo lake. Ilikuja kupaa Novemba 16, saa saba na dakika 47 usiku kwa saa za huko. Hapa kwetu ilikuwa saa tatu na dakika 47 asubuhi, watu wako kazini.

Piga hesabu ya mtu aliyetoka bara jingine mwezi Agosti kwa likizo ya wiki moja. Alilipa kila kitu na akarudi nyumbani na picha ya roketi iliyosimama.

Hapo ndipo safari hii inapotofautiana na kwenda kutazama mechi ya EPL au tamasha. Mechi ina saa yake. Roketi ina saa ambayo wenyewe wanaitumainia tu. Na kama wewe ni kijana wa Kenya unayeweka akiba kidogo kidogo ukiota kusimama pale siku moja, kitu cha kwanza cha kuwekea akiba ni siku. Pesa inafuata.

Lakini kwa nini mtu ajisumbue, wakati matangazo ya mubashara ni ya bure na bando la saa moja halifiki bei ya chapati mbili?

Jibu langu ni sauti. Mji wa Titusville uko ng'ambo ya maji, takriban kilomita 19 kutoka jukwaa la 39B ilikoondokea Artemis I. Mwanga unakufikia papo hapo, ila sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hivyo karibu dakika nzima unatazama moto ukipanda bila sauti yoyote, kama video iliyozimwa spika. Kisha inakuja. Kwenye simu yako vitu hivi viwili hutokea pamoja, kwa sababu maikrofoni zimewekwa karibu na jukwaa. Huwezi kujua kwamba kuna ile dakika ya kimya.

Mimi niliiona Titusville, na haikuwa roketi kubwa ya Mwezini. Nilikuwa nimemtembelea binamu yangu anayeishi Orlando, kama saa moja kwa gari, na wiki hiyo kulikuwa na Falcon 9 ya kawaida iliyobeba setilaiti za Starlink. Usiku wa kwanza mawingu yalitanda, na nusu saa kabla ya muda wenyewe habari ikaenea katika bustani ya Space View Park kwamba hakuna kitu. Watu wakakunja viti vyao bila hata kulalamika. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nasi alikuwa tayari anamimina chai ya kubeba barabarani. Kumbe kwa wenyeji hilo ni jambo la kila siku, kama sisi na stima kupotea.

Tulirudi kesho yake. Kwanza upeo wote ukageuka rangi ya chungwa, na maji nayo, hadi nikaweza kuona nyuso za watu waliokuwa gizani sekunde moja kabla. Roketi ikapanda polepole kuliko nilivyotarajia. Hakuna aliyepiga kelele. Halafu ngurumo ikaja kutoka ng'ambo, si kubwa sana kwa umbali ule, ila nzito, kama lori la mawe linalopita juu ya daraja la chuma na lisilofika mwisho wa daraja. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Kama dakika mbili na nusu baadaye ile nuru ikagawanyika mara mbili huko juu: sehemu ya chini imeachana na ya juu. Mtoto mmoja akaanza kulia, mama yake akacheka. Basi. Yote hayo hayakufika dakika tano.

Je, dakika tano zinafaa gharama hiyo? Tuseme ukweli kuhusu gharama kwanza.

Ada ya kuomba viza ya kutembelea Marekani ilipandishwa mwaka 2023 hadi dola 185, karibu Sh24,000, na ukinyimwa hurudishiwi. Foleni ya mahojiano pale Gigiri huweza kuwa ya miezi, kwa hivyo sahau wazo la kuona tangazo la roketi leo na kupanda ndege mwezi ujao. Kenya Airways huenda New York moja kwa moja, safari ya takriban saa 15, kisha kuna ndege nyingine ya kushuka hadi Orlando. Tiketi ya kwenda na kurudi huvuka laki moja bila jasho. Ukifika, hakuna matatu ya kukupeleka ufukweni. Ni gari la kukodi, na kampuni nyingi za kukodisha huko humtoza zaidi dereva aliye chini ya miaka 25. Msoto juu ya msoto. Ndiyo maana wengi wanaofanikiwa ni wale ambao tayari wana sababu nyingine ya kwenda: masomo, kongamano, harusi ya jamaa. Roketi wanaipachika humo.

Na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo njia ya akili. Kosa la wengi ni kuchagua roketi moja maarufu na kujenga safari nzima juu yake. Roketi mpya na kubwa ndizo huahirishwa zaidi, kwa sababu bado zinajifunza kazi. Upande wa pili, mwaka 2024 pwani hiyo ya Florida ilirusha roketi zaidi ya 90. Hizo ni karibu mbili kila wiki. Ukikaa siku tisa au kumi, uwezekano wa kuona angalau moja ni mzuri hata kama ile uliyoipangia itakwama. Ukikaa siku tatu, unacheza kamari.

Mambo yanayoweza kukwamisha ni mengi, na mengine yanachekesha. Radi ikipiga ndani ya kilomita 18 hivi kutoka jukwaani au kwenye njia ya roketi, lazima zipite dakika 30 kabla ya kurusha, na Florida wakati wa kiangazi hupata mvua ya radi karibu kila alasiri. Upepo wa juu sana, ambao wewe uliye chini huuhisi kabisa, unaweza kufuta kila kitu huku jua likiwaka. Januari 2022, setilaiti moja ya Italia ilikwamishwa na hali ya hewa siku baada ya siku. Siku anga ilipotulia hatimaye, Januari 30, meli ya watalii ikaingia eneo la bahari lililopigwa marufuku na shughuli ikafutwa tena zikiwa zimebaki sekunde chache. Iliondoka kesho yake.

Kuna pia suala la aina ya safari. Chombo kinachopeleka wanaanga kwenye kituo cha kimataifa cha ISS lazima kiondoke dakika ileile njia ya kituo inapopita juu ya eneo hilo. Ikipita, imepita, ngoja siku nyingine. Zile za Starlink mara nyingi huwa na saa kadhaa za kuchezea, kwa hivyo wingu dogo likipita wanaweza kusubiri. Kwa mtu aliye na usiku mmoja tu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko ukubwa wa roketi.

Mahali pa kusimama? Space View Park na daraja la Max Brewer, yote Titusville, ni bure. Jetty Park iko upande wa kusini, bandarini. Ufuo wa Playalinda uko karibu zaidi na majukwaa ya kaskazini, ila hulipiwa kiingilio, na mara nyingi hufungwa ama kwa usalama ama kwa sababu giza limeingia. Kituo cha wageni cha Kennedy huuza tiketi za sehemu zake za kutazamia, na hapo unaweza kuona pia roketi ya Saturn V, jamaa ya zile zilizopeleka watu Mwezini, imelazwa ndani ya jumba. Beba dawa ya mbu. Sitanii: maji yaliyo kando ya hapo yanaitwa Mosquito Lagoon, na aliyeyapa jina hilo hakukosea. Usikae ukingoni kabisa pia, kuna mamba. Na onyesho likiisha, usikimbilie gari. Magari yote huondoka kwa pamoja, na foleni yake ingemfanya mtu aikumbuke Mombasa Road kwa mapenzi.

Lakini kinachoniuma ni kwamba kuna wakati Mkenya hakuhitaji viza kwa jambo hili.

Ngomeni, kijiji cha wavuvi takriban kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, ndiko Waitaliano wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walikoweka jukwaa la San Marco, limesimama kwa miguu ya chuma ndani ya bahari. Hawakuja kwa ajili ya ufuo. Dunia inapojizungusha, mtu aliye kwenye ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Florida, iliyo mbali kaskazini, ni kama 1,470. Ngomeni iko nyuzi tatu hivi tu kusini mwa ikweta, na mbele yake upande wa mashariki kuna Bahari Hindi tupu. Roketi inapata msukumo wa bure, na ikianguka haimwangukii mtu.

Kati ya Aprili 1967 na Machi 1988, setilaiti tisa zilifika angani kutoka hapo, zikibebwa na roketi za Marekani aina ya Scout. Si majitu: mita 22 au 23 hivi, na mafuta yake ni magumu, hivyo huondoka kwa ghafla kama mshale badala ya kunyanyuka polepole. Inayojulikana zaidi ilirushwa Desemba 12, 1970, na kwa kuwa ilikuwa Jamhuri Dei, NASA iliiita Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na data yake ilisaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Jina la Kiswahili likaingia kwenye vitabu vya fizikia, kutoka kwa wavuvi na mashamba ya chumvi ya Kilifi.

Halafu kimya. Tangu 1988 hakuna roketi nyingine iliyopeleka setilaiti kutoka jukwaa lile. Kenya ilipotengeneza Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kutazama ardhi, ilibidi ipelekwe Vandenberg, California, na kupakiwa kwenye Falcon 9 pamoja na mizigo ya wengine. Nayo iliahirishwa zaidi ya mara moja. Ilipaa Aprili 15, 2023 saa tatu na dakika 48 asubuhi kwetu, wakati huko ilikuwa bado usiku wa Aprili 14. Mkenya aliyekuwa Los Angeles angeweza kuendesha gari saa tatu hivi na kuiona kwa macho. Sisi wengine tuliiona kwenye simu, baadhi tukiwa ndani ya matatu.

Miguu ile ya chuma bado iko baharini Ngomeni. Ukienda Malindi likizo, panda gari la kuelekea Gongoni, kisha bodaboda hadi ufuoni, uitazame. Halafu utafute mzee au bibi aliyevuka miaka 60, umwamkie vizuri, umnunulie kahawa, na umuulize siku ya Uhuru ilikuwaje. Muulize hasa kuhusu sauti: ilifika baada ya muda gani?